Unamvusha mbwa mpaka? Unajisi wake haukuondolei dhima

UKITAJA mbwa mbele ya Waislamu wa mjini, mazungumzo huwa mafupi. Mmoja atasema ni najisi, wa pili atasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na wa tatu atakunja kanzu yake kana kwamba mnyama mwenyewe ameshafika barazani. Baada ya hapo mada imefungwa. Ni nadra kumsikia mtu akisogea mbele kidogo na kuuliza: basi huyu niliyemfuga mwenyewe, ninayemlisha mchana na kumfungulia usiku alinde mali yangu, ana haki gani kwangu? Na jirani yangu ana haki gani kwangu kwa sababu ya mbwa huyo?

Makala hii imetokana na swali lililoletwa kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Muulizaji ni Muislamu mwenye shamba la migomba na mahindi, ambaye kwa miaka kadhaa amefuga mbwa wa kufukuza ngedere na nyani na kulinda nyumba usiku. Sasa anahamia Lusaka kikazi pamoja na familia yake. Watoto wanataka mbwa aende nao kwa treni ya TAZARA kutokea Mbeya. Baba yake mdogo amemwambia asijisumbue: mbwa ni najisi, amtie kwenye kiroba akamwache katika mashamba ya chai, Allah hatamuuliza juu ya mbwa. Ndugu yetu anauliza nani yuko sahihi, watoto au baba mdogo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, na kosa la baba mdogo ndilo kubwa zaidi.

Tuanze na hukumu yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. Sisi wa Afrika Mashariki wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii (r.a.). Katika madhehebu haya mbwa ni najisi nzito, si mate yake tu bali mwili wake wote, na najisi hiyo huhama pale penye unyevu. Kavu kwa kavu haihamishi kitu. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama ilivyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wanasema mate yake ndiyo najisi, lakini si manyoya. Imam Malik (r.a.) yeye ameona kuwa mbwa aliye hai si najisi, na kuosha chombo ni jambo la ibada. Tunazitaja tofauti hizi si kwa nia ya kumfungulia mtu mlango wa kuchagua jepesi, bali ili mtu akikutana safarini na Muislamu mwenzake aliyeguswa na mbwa kisha akasimama kuswali, asikimbilie kumtoa katika dini.

(Na hapa niseme jambo moja pembeni. Siipendi tabia iliyozagaa ya kudai kuwa maabara za Ulaya zimethibitisha siri ya udongo katika kuosha mate ya mbwa. Sisi tunaosha kwa sababu tumeamrishwa. Aidha, madai haya yana hatari yake, kama tutakavyoona.)

Ama kumfuga, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kuweka mbwa asiye wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, hupungua katika thawabu zake kila siku kiasi cha qirati, na katika riwaya nyingine qirati mbili. Bukhari na Muslim wameipokea. Imam Nawawi (r.a.) ametaja khitilafu ya wanazuoni kuhusu mbwa wa kulinda nyumba, akaona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu, kwa kukisia na hao watatu waliotajwa, kwani sababu ni moja, nayo ni haja. Kwa hiyo ndugu yetu wa Tukuyu, kwa ngedere wake na mahindi yake, yumo ndani ya ruhusa. Na wengi wa wanaokaa nyuma ya kuta ndefu za Mbezi na Tegeta wanaweza pia kuwamo, ingawa tukiwauliza wanaona haya kukiri kuwa wana mbwa. Asiyekuwamo ni yule anayemfuga kwa fahari tu, au kwa sababu amewaona watu wa kwenye televisheni wamewapakata.

Sasa hebu tujiulize. Kitu kuwa najisi kunamaanisha nini? Unajisi ni hukumu ya tohara. Unakueleza nini uoshe kabla ya kuswali. Haukuelezi kuwa uhai wa mnyama huyo ni wa bure, wala haukuondolei dhima ya madhara yake. Damu ni najisi pia. Je, kuna anayesema damu ya mtu ikimwagika haina mwenyewe kwa kuwa ni najisi? Mantiki ya baba mdogo ndiyo hiyo hiyo, ila tumeizoea kwa mbwa na hatuioni ubaya wake.

Allah (s.w.) ametueleza katika Suratul An'am aya ya 38 kuwa wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Na Mtume (s.a.w.) alipozungumzia kuuawa kwa mbwa alitaja kwamba nao ni umma miongoni mwa umma, na hilo likawa sababu ya kutowaangamiza wote. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Katika Suratul Kahf aya ya 18 mbwa wa vijana wale wa pangoni ametajwa alivyolala kizingitini, amenyoosha miguu yake ya mbele. Vijana hao walikuwa wanahama, tena wanakimbia na dini yao, na mbwa wao alikuwa nao. Kila mmoja wetu anaijua pia hadithi ya aliyemkuta mbwa mwenye kiu akihema kando ya kisima, akashuka, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Allah akamsamehe. Tunaisimulia kwa watoto madrasa, kisha tunatoka nje tunawaangalia watoto hao hao wakimpiga mawe mbwa koko aliyelala kivulini, na ustadhi hasemi kitu. Na upande wa pili wa mizani iko hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Kosa lake halikuwa kufuga. Lilikuwa ni kumweka kiumbe chini ya mamlaka yake kisha kumpuuza.

Sasa tuje kwenye safari. Wako watakaosema: lakini imekuja katika Sahihi Muslim kuwa malaika hawafuatani na msafara wenye mbwa au kengele. Ni kweli, na hadithi hiyo inamhusu moja kwa moja anayetaka kumpandisha mbwa treni au meli. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya makusudio ya hadithi za namna hii. Al-Khattabi, akieleza ile ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, alisema anayekusudiwa ni mbwa asiyeruhusiwa kufugwa. Nawawi alielekea kuona kuwa maneno yanabaki katika ujumla wake. Mimi si wa kuamua baina ya milima miwili hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba msafiri mwenye busara hamchukui mbwa safarini ila kwa haja iliyo wazi, na akimchukua hambanani naye mahali pamoja na abiria wenzake.

Lakini ipo hadithi nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo ingepaswa kubandikwa kwenye kila kituo cha mpakani, nayo husomwa kwa nadra katika mada hii. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kuwachanganya na wa mwenye ngamia wazima. Iweke pamoja na ile mashuhuri ya tauni, ya kutoingia katika nchi iliyopatwa wala kutoka humo kwa kuikimbia, utaona kuwa haya mambo ya vyeti vya afya ya wanyama, karantini na ukaguzi bandarini, ambayo baadhi yetu huyaona ni usumbufu wa serikali, yana asili yake katika mafundisho ya Mtume wetu. Afisa mifugo anayekuzuia Tunduma au Kasumulu kwa sababu mbwa wako hana kadi ya chanjo, awe Muislamu au asiwe, anatekeleza maana ya hadithi hiyo.

Na ugonjwa unaohofiwa si mdogo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Hospitali itamlaza, itampa dawa za kumtuliza, lakini mwisho wake unajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika vifo vya binadamu karibu asilimia 99 chanzo ni mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifikia vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Ni wale wale wanaorudi madrasa jioni kwa miguu.

Jambo linalowadanganya wengi ni kuwa mbwa huonekana mzima. Virusi hukaa mwilini wiki kadhaa, wakati mwingine hata miezi, kabla mnyama hajaanza kutoa udenda na kushambulia. Kwa hiyo mtu anaweza kumpandisha mbwa treni Mbeya akiwa mchangamfu kabisa, akala, akacheza na watoto njia nzima, kisha akaugua Lusaka baada ya wiki sita katika mtaa usiomjua. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini nchi nyingine zimeweka masharti marefu. Wenye jamaa Ulaya wanajua: mbwa anayetoka Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya hutiwa kwanza maikrochipu ya utambulisho chini ya ngozi, huchanjwa, husubiri angalau siku 30 ndipo damu yake ichukuliwe kupimwa, kisha husubiri miezi mitatu mingine tangu damu ilipochukuliwa. Miezi hiyo mitatu haikuwekwa kwa kiburi. Imefuata mwenendo wa ugonjwa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye mbwa, na Waislamu si watu wa mbwa. Basi tuitazame Pemba.

Pemba ni kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Kama kujiita watu wasiopenda mbwa kungekuwa kinga, hakuna mahali palipostahili kusalimika kuliko hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ambao ulifuatilia kisiwa hicho kuanzia 2010 hadi 2020, ulikuta minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka humo mwaka 2010, watu wakiumwa na wengine kufa. Ilipoanza kampeni ya kuchanja mbwa wa kisiwa kizima kila mwaka, na utekelezaji wake ukaimarika, ugonjwa ulipungua hadi kufikia Mei 2014 ukawa umekwisha. Watu wakastarehe. Chanjo zikalegalega. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kuwa uliingia mara mbili, kila mara kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi kampeni ya kisiwa kizima irudishwe, na ni Oktoba 2018 ndipo mlipuko huo ulipokoma.

Ndugu msomaji, Pemba imezungukwa na bahari. Mbwa haogelei kutoka Tanga. Ugonjwa uliokwishatoweka kisiwani ukirudi mara mbili, maana yake kuna mnyama aliyepakiwa katika chombo na binadamu. Sijui kama ni jahazi lililoshusha bandari bubu au boti iliyofunga gatini, wala sijui mwenye mnyama alikuwa na dini gani, na si muhimu. Muhimu ni kuwa mtu mmoja, pengine kwa mapenzi ya mbwa wake tu, pengine kwa kutaka mlinzi wa shamba, alivuka bahari bila kuuliza chochote kuhusu chanjo, na waliolipa ni watoto wa watu. Na walioruhusu moto ushike ni sisi tulioacha kuchanja kwa kuwa mbwa "hatuhusu".

Kwa hiyo baba mdogo anayeona mbwa hana hesabu mbele ya Allah, ajue kuwa mbwa aliyemwacha kwenye mashamba ya chai hatabaki hapo. Atatembea. Njaa itampeleka kwenye majaa ya Tukuyu mjini, au atashuka na barabara kuelekea Kyela, atachangamana na mbwa wengine wasio na mwenyewe, na siku akipata maradhi atamuuma mtoto wa Mnyakyusa jirani yake ambaye pengine si Muislamu. Huko Rungwe Waislamu ni wachache, wanaishi baina ya majirani ambao wengi ni Wakristo, katika wilaya ambayo misheni ya Kimoraviani imekuwapo tangu 1891. Jirani huyo hatasoma kitabu cha fiqhi kutaka kujua tunasemaje juu ya mbwa. Atatujua kwa mbwa tuliyemtelekeza. Mafakihi wetu wameandika kuwa mwenye mbwa anayejulikana kuwa ni mkali, akamwachia ovyo, analazimika kulipa alichoharibu. Na sheria ya nchi nayo haikunyamaza: tunayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kuna jambo lazima nilikumbushe hapa, kwa kuwa linaua. Mtu akiumwa na mbwa, ile hukumu ya kuosha mara saba kwa udongo isipelekwe kwenye jeraha. Hiyo ni ya tohara ya chombo na nguo. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Asipakwe udongo, asipakwe oili chafu, asipelekwe kwanza kwa mganga. Hapo ndipo hatari ya yale madai ya siri ya udongo niliyoyataja.

Turudi kwa mwenye safari. Tuseme haja yake ni ya kweli. Mfano ni mfugaji anayehamia Malawi na ng'ombe wake, au mwenye kwenda kulima ng'ambo ya mto Songwe. Huyo ruhusa yake ya kufuga inaendelea, na kumvusha mbwa wake hakuna ubaya. Lakini aanze mapema, miezi miwili kabla, si asubuhi ya safari. Aende kwa daktari wa mifugo wa wilaya, amchanje mbwa, achukue kadi; aulize kibali cha kumtoa mnyama nchini, cheti cha afya, na kibali cha kumwingiza kule aendako, kwani nchi jirani nazo zina mamlaka zake za mifugo. Aulize pia chombo chenyewe kama kinakubali kubeba mbwa. Anayekwenda Unguja au Pemba asidhani kwamba kwa kuwa si nje ya nchi basi hakuna la kuuliza. Kisa cha Pemba kinatosha.

Kinachofanyika mara nyingi sicho hicho. Watoto wa mbwa hutiwa kikapuni, kikapu hufunikwa khanga, kinasukumwa chini ya kiti cha basi. Mpakani anayekiona hupewa chochote. Au mtu anakwepa kituo kabisa na kupita njia za panya, anavuka Songwe kwa mtumbwi. Muislamu anayefanya hivyo amekusanya udanganyifu na rushwa, ambayo mtoaji na mpokeaji wake wamelaaniwa, na juu yake ameongeza hatari ya kuua. Na kisha akifika ng'ambo anauliza kama nguo yake iliyoguswa na kikapu inafaa kwa swala!

Ndani ya chombo, haki ya abiria mwenzako ni nzito. Treni ya TAZARA ina vyumba vya vitanda vinne daraja la kwanza na sita daraja la pili, na kutoka Mbeya hadi Kapiri Mposhi ni kama kilomita 1,000. Watu watalala humo, watakula humo, watatandika miswala. Huna haki ya kumfunga mbwa kwenye mguu wa kitanda cha mtu mwingine, hata kama mbwa wako ni mpole kama kondoo. Ziwa Nyasa, meli ya MV Mbeya II inayopakia upande wa Kyela kuelekea Mbamba Bay imetengenezwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo; mahali pa mnyama ni upande wa mizigo, ndani ya tundu imara lenye hewa, mbali na vyakula, na si katikati ya akina mama na watoto. Mwenyewe aende kumtazama, ampe maji, amsafishie. Wapo wanaokwenda mpaka ukingo wa pili: wanamtupa tunduni juani bila maji siku nzima, kwa hoja ile ile kwamba ni najisi. Huyo akumbuke mwenye paka. Na kwa ajili ya swala yake aweke kando nguo moja safi isiyomkaribia mnyama, mambo yatakuwa mepesi.

Haja inaweza kuwa kubwa kuliko tunavyofikiri. Mwaka 2008 huko Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulimruhusu kijana Muislamu asiyeona kuja na mbwa wake wa kumwongoza, akatengewa mahali pa kumwacha mlangoni wakati wa swala, baada ya wanazuoni kutoa fatwa. Hawakusema mbwa amekuwa tohara. Waliitazama haja ya kijana na kuulinda msikiti kwa pamoja. Uzito wa namna hiyo ndio unaotakiwa, si kukunja kanzu tu.

Basi ndugu yetu wa Tukuyu tumjibu nini? Yeye anakwenda kuishi katika nyumba ya kupanga mjini, ghorofani, kwa maelezo yake mwenyewe. Hakuna mahindi Lusaka kwake, hakuna ngedere. Ruhusa ya kufuga ilikuja na haja, na haja inabaki Rungwe. Kwa hiyo kumsafirisha kwa treni ili akawe wa kuchezea sebuleni ni kutoka katika ruhusa na kuingia katika ile hasara ya qirati, mbali na gharama na usumbufu. Watoto waelezwe hivyo kwa upole, wasitukanwe kwa kumpenda mnyama waliyekua naye. Huruma yao ni nzuri, wasiipoteze.

Na baba mdogo aambiwe kuwa kiroba hakipo katika dini hii. Mbwa apatiwe mtu mwenye haja naye, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa au mkulima jirani anayesumbuliwa na nyani, na wilaya ya Rungwe haina upungufu wa watu hao. Asimuuze, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, na katika madhehebu yetu biashara hiyo haisihi, ampe tu. Achague mtu anayejulikana kwa huruma, si wa kwanza atakayejitokeza. Ampelekee mapema kabla ya safari, mbwa apazoee, watoto waende kumuaga. Akabidhi na kadi ya chanjo, aitaje tarehe ya chanjo inayofuata. Na kama katika miaka yote hiyo hakuwahi kumchanja hata mara moja, basi aende kwa afisa mifugo wiki hii, kabla ya kwenda Mbeya kukata tiketi.

Wallahu aalam.